Kocha Aliyetupumzisha kwa Salamu

Kocha hakai. Hilo ndilo la kwanza mtu analoliona akiingia uani kwake, na ndilo la kwanza lililonitia wasiwasi. Kuna magogo mawili ya kukalia, kuna kigoda cha dada yake, kuna ndoo iliyopinduliwa, na siku za Jumamosi hutandikwa mkeka. Sote tunakaa. Yeye anazunguka, mikono nyuma, koti la kaki juu ya fulana hata jua likiwa la kupasua kichwa, na kila anayemaliza kunyanyua chuma anamwambia neno moja tu: pumzika. Mtu anayewaambia wenzake siku nzima wapumzike na mwenyewe hapumziki, mimi namtilia shaka. Nitaeleza kwa nini, tena kwa kalamu, maana kwa mdomo siwezi. Kwa mdomo mimi siwezi kumwelekeza mtu hata njia ya sokoni.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sijui, na waliodai wanajua walisema mambo yasiyolingana. Ninachokijua ni ua wake, hapa Ipuli, Tabora, nyuma ya nyumba ya matofali ya kuchoma, karibu na ile njia ambayo watu husema ndiko misafara ya zamani ilikopita na sasa hupita baiskeli za mkaa. Nimekwenda uani pale kwa miaka miwili, kila nikitoka shule, kwa sababu nataka kuingia kambi ya timu ya mkoa kwa kurusha tufe. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hicho. Mwalimu wetu wa michezo ndiye aliyenielekeza kwa Kocha. Alisema mwili ninao, mkono ninao, ila miguu bado haijajua kazi, na shuleni hakuna vyuma.

Timu ya mkoa inachukua msichana mmoja wa tufe. Na uani kwa Kocha tulikuwa wasichana wawili, mimi na Salha.

Salha ni wa mjini kati. Baba yake ana duka la vitambaa, ni watu wa asili ya Oman waliokaa Tabora siku nyingi mpaka bibi yake anagombana na wauza kuku kwa Kinyamwezi. Tunasoma shule moja, mikondo tofauti. Ana mikono mirefu na mdomo usiochoka, akianza kuongea ni kama mvua juu ya bati. Simchukii. Naandika hivyo mapema ili nisije nikasahau huko mbele.

Vyuma vya Kocha si vya dukani. Fimbo ya kunyanyulia ni ekseli ya trela, na uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, makubwa kwa madogo, kila moja na alama yake ya chokaa. Kuna pia vipande viwili vya chuma cheusi kizito ambavyo vijana husema ni vya reli. Nilimuuliza Fundi, kijana anayefyatua matofali na mwenye nguvu kuliko wote pale, vipande hivyo vilipatikanaje. Akaniambia kwenye ua wa watu chuma hakiulizwi kimetoka wapi. Kocha mwenyewe aliwahi kusema alipewa. Siku nyingine alisema aliviokota. Kwangu mimi kupewa na kuokota ni vitu viwili.

Halafu kuna kile chumba. Mwisho wa ua, chumba kidogo chenye kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe. Hakuna aliyewahi kuingia. Vijana husema mle kuna dawa, ndiyo maana siku Kocha akichelewa vyuma vinakuwa vizito. Mimi siamini dawa. Lakini nilipita karibu na mlango ule mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mara moja alinikuta pale nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Aliniangalia miguu, hakusema kitu juu ya ndala. Alisema tu kwamba rafiki wa kweli ni kufuli, kwa sababu hasengenyi.

Yeye naye alitutilia shaka sote, ni haki niseme. Hakunywa maji kwenye kikombe ambacho hakukisuuza kwa mkono wake. Alikaribishwa chakula nyumba zote za mtaa na hakuna aliyemwona akitafuna. Tulipoondoka alisimama mlangoni akitazama mabegi yetu ya shule, kana kwamba mtu anaweza kuondoka na kopo la zege katikati ya madaftari. Salha siku moja alilifungua begi lake mwenyewe, akamwonyesha, akamwambia, "Kocha, leo nimeiba ekseli, nimeikunja." Kocha alicheka. Kwa Salha alikuwa anacheka.

Sasa habari ya salamu, maana bila hiyo Kocha haeleweki.

Nimeona kwenye simu kwamba kwingine watu wakimaliza seti wanaangalia saa, wakingoja dakika zao ziishe ndipo wanyanyue tena. Kwa Kocha saa hairuhusiwi na simu zote huwekwa juu ya ukuta. Pale ukimaliza mkupuo wako wa kuchuchumaa na chuma mabegani, unakishusha, kisha unaanza kuzunguka ua kusalimia watu. Unaanza na Bibi, dada yake Kocha, anayekaa kwenye kigoda akimenya karanga. Unapiga goti, shikamoo Bibi, marahaba mjukuu wangu, habari za tangu mchana, nzuri, nyumbani hawajambo, hawajambo, mama yako je, yupo, na kile kikohozi chake. Jumamosi asubuhi Bibi anakuanzishia kwa mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, na hapo huchomoki mpaka umeulizwa hali ya kuku. Ukitoka kwa Bibi unakwenda kwa mgeni, kama yupo. Halafu vijana kwenye magogo, mmoja mmoja, kwa mkono. Ndipo unarudi kwenye chuma.

Kocha anakufuata nyuma nyuma akisikiliza. Maneno hayamshughulishi, anachosikiliza ni pumzi. Sauti ikikatika katikati ya "hawajambo," anakwambia bado, rudi kwa Bibi uanze upya. Ikitoka moja kwa moja mpaka mwisho bila kukwaruza, anakunyooshea kidole kuelekea kwenye ekseli. Hakuwahi kutueleza kwa nini. Waliomuuliza waliambiwa mtu asiyesalimia ni mshenzi, basi.

Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa adhabu. Nikipita mbele ya watu watatu miguu yangu inasahau inatembeaje. Kunyanyua chuma sikuogopa, chuma hakikutazami. Lakini kumaliza kunyanyua, jasho linatiririka, nywele zimesimama, halafu uende ukamshike mkono Fundi na kumuuliza habari za kwao, hapana. Nikawa nanong'ona shikamoo moja nikitazama chini, nagusa vidole vya vijana kama mtu anayepima pasi kama imepata moto, narudi mbio kwenye chuma. Bibi siku moja aliuliza kwa sauti kama nimemsalimia yeye au karanga. Watu wakacheka. Kocha ndiyo siku hiyo akanipa jina la Kimya, na Salha akampa Redio.

Salha alikuwa akiondoka kwenda kusalimia unaweza kufua sare ukaianika. Anamweleza Bibi bei ya khanga, anamtania Fundi kuhusu mchumba wake wa Sikonge, anauliza mgeni ni wa kwa nani. Kocha hakumkatiza hata mara moja. Akirudi anaingia chini ya ekseli na kuinuka nayo kama vile ndiyo kwanza amefika. Mimi mkupuo wa tatu magoti yalikuwa yananicheza, wa nne Fundi ananipokonya chuma kisije kikanilalia. Na Kocha ananitazama na kusema, "Unaiba pumzi yako mwenyewe, binti." Basi. Haongezi.

Nilikuwa na hakika ananisimanga. Wiki nyingine nikawa na hakika kwamba salamu zote zile ni ujanja tu wa kumpatia dada yake watu wa kuongea nao, maana Bibi ni mjane na hana wajukuu karibu. Lakini lililonikaa kooni kuliko yote ni kwamba anampendelea Salha. Anampa muda wa kupumzika, mimi ananiacha nijimalize. Hakuna aliyeninyima huo muda, najua. Lakini shaka ikishaingia haiulizi nani kakunyima.

Kocha alikuwa na misemo, na yote alidai ni ya wapagazi wa zamani. Mpagazi hapimwi kwa mzigo, hupimwa kwa kambi zake. Mzigo hauui, kinachoua ni kutotua. Aliyefika kwanza kambini mwulize kesho. Akiisema anageuka kutazama ile njia ya baiskeli za mkaa, kama vile wenyewe wanapita. Nilimuuliza mwalimu wa historia, kwa karatasi, kama misemo hiyo ipo. Alisema hajawahi kuisikia. Nikajipa moyo siku moja nikamwambia Kocha kwamba mwalimu hajaisikia. Akaniuliza kama mwalimu alikuwepo. Nikasema hapana. Akauliza kama mimi nilikuwepo. Yeye akaondoka ameridhika, na mimi nikabaki nikijiuliza kama na yeye alikuwepo.

Mwalimu wa michezo yeye ana filimbi. Unanyanyua, unapumzika kidogo tu, jasho bado linadondoka, filimbi, unaingia tena. Nilimweleza Kocha habari ya filimbi nikitaka kuona kama atakasirika. Hakukasirika. Alisema mwalimu yuko sawa.

"Anataka mcheze mpira mpaka mwisho msichoke," alisema. "Pumziko fupi linafundisha kuvumilia. Lakini tufe huvumilii, tufe unarusha mara moja kwa kila ulichonacho. Ukienda kwenye chuma una nusu, unaufundisha mwili kutoa nusu."

Nilirudi nyumbani na hasira, kwa sababu lilikuwa jibu zuri na mimi sikutaka liwe zuri. Mwalimu nilipomfikishia alisema hata yeye angesema hivyo hivyo, akapiga filimbi.

Asidhani mtu kwamba Kocha hakosei. Mwaka jana, ile miezi ya baridi, walikuja wageni wake kutoka Ipole wakiwa na madumu ya asali. Asubuhi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni. Fundi akamaliza mkupuo wake mzito, Kocha akamtuma akasalimie, na wageni wa Ipole ni watu wa salamu kweli kweli, waliuliza mpaka habari za tumbaku, na Fundi hana hata jani moja la tumbaku. Aliporudi kwenye chuma mwili ulikuwa umepoa kama ugali wa jana. Akainuka, kitu kikamvuta nyuma ya paja, akashusha ekseli kwa kelele akakaa chini. Alichechemea siku nyingi. Kocha hakuomba radhi wala hakueleza. Alishika kopo moja akawa anakwangua chokaa kwa kucha. Wiki iliyofuata, siku za baridi tukaambiwa tuvae sweta wakati wa kusalimia, na turukeruke kidogo kabla ya kurudi kwenye chuma. Salha alimuuliza hiyo sheria imeanza lini. Akajibu kwamba imekuwepo siku zote. Tulitazamana.

Mama hakumpenda. Mama ni mtu wa kanisani na wa jikoni, na swali lake lilikuwa moja, mzee asiye na mke anataka nini na watoto wa kike uani kwake. Akaja mwenyewe, na kigoda chake na sufuria la maharage ya kuchambua, akakaa pembeni ya Bibi wiki nzima. Kocha alifurahi, amepata mtu mmoja zaidi wa kusalimiwa. Ikawa kila nikimaliza mkupuo nakwenda kumpigia goti mama yangu mzazi, shikamoo Mama, marahaba, habari za nyumbani, na wakati tumetoka nyumbani pamoja. Mama alijibu kwa uso mkavu, nzuri, hawajambo, baba yako anakusalimu. Bibi alicheka mpaka karanga zikamwagika.

Mwisho wa wiki nilimuuliza Mama ameonaje. Alikuwa anatembea mbele yangu, kigoda kichwani.

"Sijaona kibaya," alisema. "Ndiyo maana sijatulia."

Kuna Jumamosi moja ambayo lazima niiweke hapa. Nilikuwa nimefikia kopo kubwa, lile lenye alama mbili za chokaa, na lilikuwa limenikatalia tangu mwezi uliotangulia. Nikamaliza mkupuo wangu wa kwanza, ule mwepesi, nikaenda kwa Bibi kunong'ona kama kawaida. Bibi akanishika mkono. Hakuuachia. Goti lilikuwa linamsumbua na usiku ule hakulala, akaanza kunieleza goti hilo tangu lilipoanza, mganga wa kwanza, hospitali, dawa ya kuchua, jirani aliyemshauri majivu. Kila nikivuta mkono anaukaza. Nikawa naitikia pole Bibi, pole Bibi, ndiyo Bibi, mpaka nikaona aibu ya kuitikia tu nikamuuliza goti lenyewe ni la kulia au la kushoto. Lilikuwa swali langu la kwanza kwa mtu yeyote pale uani. Alipouachia huru mkono wangu nilikuwa sihemi tena. Kocha akaninyooshea kidole. Nikaingia chini ya ekseli na kopo kubwa likaja. Nikachuchumaa, nikainuka. Nikachuchumaa tena, nikainuka.

Hata sikufurahi. Nilishusha chuma, nikainama nikalikagua lile kopo, nikaligonga kwa kidole kusikia kama ni tupu ndani. Nilidhani amelibadilisha nikiwa kwa Bibi. Fundi aliniona, akaniuliza natafuta nini, nikasema pete. Sivai pete.

Mwezi uliopita mgongo ulimkatalia Kocha. Aliamka asubuhi asiweze kunyooka. Binti yake anayeishi Igalula akaja akamchukua, na funguo za kile chumba Kocha akaondoka nazo. Ua ulibaki na Bibi na vijana. Simu zikashuka kutoka ukutani, muziki ukaanza, kusalimia kukafa siku hiyo hiyo. Na mimi nikasema afadhali. Mchujo wa mkoa ulikuwa umetangazwa. Nikaanza kwenda uwanjani na tufe la shule, asubuhi kabla ya kipindi na jioni baada ya kipindi, narusha, nalikimbilia, narudi mbio kwenye duara, narusha tena. Hakuna Bibi, hakuna Fundi, hakuna wa kunichelewesha.

Tufe likaanza kuanguka karibu. Kwanza kidogo, nikasingizia upepo. Halafu zaidi. Ikafika mahali jiwe nililoliweka kama alama ya mwaka jana likawa mbali kama Urambo. Nilidhani tufe limebadilishwa wameleta la wavulana, nikalipeleka likapimwe, likawa lile lile. Nikashuku viatu. Salha alikuja siku moja akarusha baada yangu, kwa mkono ule mrefu, likapita jiwe langu likaendelea, na akasema lo, leo nimeamka vizuri. Hapo nikaacha kushuku viatu. Nikaona kwamba kwa miaka miwili Kocha amenifundisha mimi kitu kibovu na Salha amemfundisha kizuri, na kwamba nisipomuuliza sasa nitamuuliza lini.

Tulikwenda Igalula Jumamosi iliyopita, mimi na Mama. Sikumwomba anisindikize, alisema tu kwamba peke yangu sitaenda. Nyumba ya binti yake iko jirani na stesheni. Mama akabaki mbele na mwenye nyumba, mimi nikaonyeshwa nyuma, na pale nikamkuta Kocha amelala. Kwenye kitanda cha kamba, chali, koti lake la kaki limekunjwa chini ya kichwa. Sikuwahi kumwona hata ameegemea ukuta. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomjua.

Nilipiga goti, nikamsalimia, naye akanijibu na kunirudishia kila habari, nyumbani, Bibi, vijana, mvua. Alikuwa anasikiliza pumzi yangu hata pale, niliona sikio lake. Kisha akasema kulala ni kazi ya wafu, na kwamba binti yake anamnyanyasa kwa uji.

Nilikuwa nimejipanga kuzunguka mbali kabla ya kulifikia jambo lenyewe. Sikuweza. Lilitoka lenyewe.

"Kocha, ulikuwa unampendelea Salha?"

Kuku akapita chini ya kitanda akatokea upande wa pili.

"Anayeuliza ni wewe au mama yako?"

"Ni mimi."

"Ndiyo," alisema. "Nampenda mrushaji mwenye mikono mirefu. Ukiniuliza leo nani nataka aende, nitakwambia Salha. Wewe nilidhani utaacha mwezi wa kwanza, maana ulikuwa unaogopa hata karanga za dada yangu."

Nilikuwa nimebeba shaka ile miaka miwili, na alivyoitoa kirahisi namna ile sikujua niiweke wapi. Nilidhani nitalia. Nikamweleza tu habari ya tufe kuanguka karibu. Aliniuliza narusha lini na lini. Nikamwambia asubuhi na jioni, kila siku. Akauliza katikati ya rusho na rusho nafanya nini. Nikamwambia nakimbilia tufe. Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Tangu leo usishike tufe mpaka siku ya mchujo," alisema. "Wala chuma. Kula, tembea, lala. Mwili wako umechoka, na uliochoka huufundishi kitu, unauzidishia tu deni."

Nilimuuliza kama na Salha amemwambia hivyo.

"Salha hajaja kuuliza."

Nilimuuliza, na sijui nilipata wapi mdomo, kwa nini nimwamini mtu aliyesema sasa hivi kwamba anamtaka mwenzangu. Alijaribu kugeuka anitazame, mgongo ukamkatalia, akabaki anaongea na paa.

"Usiniamini. Kumbuka mwenyewe ile siku dada yangu alipokushika mkono. Nilikuona unagonga kopo. Mimi sikuwa nimeligusa."

Njiani Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema hajawahi kusikia mtego wa wazi namna hiyo. Mtu amekwambia kwa mdomo wake anamtaka mwenzio, halafu anakwambia wewe nenda kalale, na wewe unauliza ulale na shuka gani. Alisema nikiwa na akili kesho yake alfajiri niwe uwanjani. Nilikuwa nafikiria kwamba mwongo angenijibu hapana. Angesema anatupenda sote sawa, halafu ndiyo angenituma nikalale. Lakini pia nilifikiria kwamba mzee mjanja anajua mtoto kama mimi atafikiria hivyo hivyo.

Alfajiri ilipofika sikwenda. Wala iliyofuata. Tufe liko chini ya kitanda, na mikono yangu haijui ikae wapi, ndiyo maana nimeandika kurasa zote hizi. Mama anapita mlangoni, anatazama, anaguna, anakwenda zake. Nalala mchana kama mgonjwa. Juzi nilipanda ngazi za maktaba nikashangaa kwamba mapaja hayaumi, nikashuka nikapanda tena kuhakikisha. Kama Kocha amenidanganya, nitajua kesho kutwa kwenye mchujo, mbele ya watu wote, na kujua mbele ya watu ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote.

Leo jioni Salha alikuja nyumbani, begi begani, viatu vya michezo mguuni, kuniita twende uwanjani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema tangu juzi bega linamgongagonga lakini anajikaza, mchujo wenyewe ndiyo huo. Nilimtazama lile bega. Nilikuwa na uwezo wa kusema tu kwamba sijisikii, akaenda, na ningelala vizuri zaidi. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilikwenda Igalula, kwamba Kocha amenikataza kushika tufe mpaka siku yenyewe, na kwamba na yeye apumzike, atakwenda kuharibu bega.

Salha hakucheka.

"Ulikwenda Igalula bila kuniambia," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Na Kocha kakwambia mimi nipumzike?"

Nikasema hapana, alisema wewe hujaenda kumuuliza, lakini mwili ni mwili. Hapo nikaona nimeshaharibu.

"Kwa hiyo mimi nilale," alisema polepole, "wewe uamke alfajiri. Haya mwenzangu. Kumbe Kimya ni akili."

Akatoka. Nilibaki mlangoni mpaka amefika kona ya mashine ya kusaga, halafu nikafanya kitu ambacho sijakifanya maisha yangu yote. Nilipaza sauti barabarani. Nilimwita kwa jina na nikasema ni kweli, Salha, wallahi ni kweli, na mimi hata si Mwislamu. Waliokuwa kwenye foleni ya mashine waligeuka wote, na mwenye baiskeli ya mkaa akafunga breki.

Salha alisimama akanitazama. Jicho lile nalijua, ndilo nililolitumia mimi kule uani siku zote. Kisha akahamishia begi kwenye bega lisilouma, akaenda zake uwanjani.